Ijumaa Tuliyopanda Mahindi Mvuani

Tangu nistaafu mwishoni mwa mwaka jana, simu yangu hulia zaidi mawingu yanapotanda. Wanaopiga ni walimu wa michezo, vijana niliowaachia kipenga, na swali lao ni lile lile: mvua imeanza huku, niwatoe watoto wakimbie ama niwaache darasani? Mimi hujibu neno moja, "Watoe," kisha narudi kuchagua mbaazi zangu. Lakini jibu la neno moja ni la mtu mvivu, na kwa muda sasa nimekuwa nikijisuta. Basi nimeamua kuandika lile refu, ili mkiamua kunilaumu mnilaumu mkijua habari yote.

Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi vya kujaza ukurasa, na vile vichache vilikuja na mikutano.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya sekondari juu ya vilima vya Kangundo, mashamba ya kahawa kila upande. Niliripoti nikiwa na saa ya kupimia muda shingoni, daftari jipya kwapani na raba nyeupe miguuni, jambo lililomchekesha kila aliyeujua udongo wa kule. Mwalimu Kilonzo, aliyekuwa mkuu wa michezo, alinitazama miguu kwanza, uso baadaye. Hakuniuliza nimesomea wapi. Aliniuliza kama najua kuchora mistari ya uwanja kwa jivu, na niliposema sijui akanipa ndoo.

Yule mzee alinifundisha kazi. Alinionyesha jinsi ya kupima mita mia nne kwa kamba na vigingi, jinsi ya kumjua mtoto anayeficha maumivu kwa namna anavyobeba mabega, na jinsi ya kumwacha aliyeshindwa apumue kabla hujamwambia lolote. Hilo la mwisho nilichukua miaka kulijua vizuri, maana mdomo wangu haukuumbwa kwa kungoja. Lakini Kilonzo na mvua walikuwa na ugomvi. Tone la kwanza likianguka alipuliza kipenga mara tatu, akajifunika kichwa kwa kitambaa cha mfukoni, akawafukuza watoto wote darasani. Aliamini kwamba mvua ikimpata mtoto utosini saa kumi, jioni itakuwa imeshuka kifuani. Nafikiri pia ilimuuma kuona jivu lake likisombwa.

Mwaka wangu wa pili, mashindano yalifanyika huku mvua inanyesha. Msichana wetu wa mita elfu tatu, mwenye mwendo mzuri kuliko wote waliokuwepo, alianguka kona ya kwanza. Akaamka, akaanguka ya pili. Ya tatu aliitembea akiwa ameshika nyasi za pembeni. Kilonzo alisema ni bahati mbaya. Nikamwambia, kwa adabu niliyokuwa nayo wakati huo, kwamba matope si bahati, ni udongo na maji, na kwamba mtoto huyu hajawahi kuyakanyaga mbio hata siku moja. Jumatatu mzee alinikabidhi ufunguo wa stoo ya michezo.

"Haya, wapeleke kwa mvua," akasema. "Wakianza kukohoa, uji utawapikia wewe."

Uji niliupika, tena sufuria kubwa, kila siku ya mvua. Waliokohoa ni wale wale waliokuwa wakikohoa jua likiwaka. Nilichogundua baada ya majuma machache ni kwamba mvua yenyewe haina shida na mtu anayekimbia, kwa sababu mwili unachemka. Shida huanza akisimama. Mtoto akimaliza mbio akakaa kwenye benchi na fulana mbichi, akipiga soga, hapo ndipo baridi inampata. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ilikuwa fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki, imening'inizwa stoo kabla hatujaanza, na soksi pea ya pili. Asiye na soksi kavu hakimbii, hata kama ni bingwa.

Raba tulizijaza magazeti ya zamani zikauke taratibu, kwa maana ukiziweka karibu na moto wa jikoni gundi inaachia na asubuhi una kandambili. Udongo mwekundu wa Kangundo ukishika soli, kila mguu unakuwa na uzito wa tofali, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kijiti chake cha kukwangua. Niliwafundisha kufupisha hatua, kukanyaga kwenye nyasi na si kwenye ule udongo unaong'aa, na kutokimbia barabarani ambako mwenye pikipiki naye amefumba jicho moja kwa sababu ya matone. Na ngurumo ikisikika hata kwa mbali, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuingia ndani. Radi iliwahi kuua ng'ombe wawili wa jirani yetu wakiwa wamefungwa kwenye mti mmoja, na sijawahi kusikia mbinu ya mazoezi inayoweza kubishana na hilo.

Mwaka uliofuata yule msichana hakuanguka. Kilonzo alikuja kutazama akiwa na kitambaa chake kichwani, akatikisa kichwa, akasema uji wangu una sukari nyingi mno. Kwa Kilonzo, hayo yalikuwa maua.

Baadaye nilihamishiwa shule ya kutwa karibu na Kithimani, huko Yatta kwenye ukame, na hapo nikajikuta nimejifunza somo la mvua kwa upande mmoja tu. Kangundo mvua ni jirani. Yatta mvua ni mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka, akipenda. Sikuhitaji kumsukuma mtoto yeyote nje, maana matone yakianza walitoka wenyewe wakicheka, na mwalimu wa hesabu akabaki na ubao. Wakanipa jina, Mwalimu wa Mvua, na nilijivunia kuliko cheti chochote kilichowahi kutundikwa ukutani kwangu. Tatizo lilikuwa siku iliyofuata mvua ya kwanza. Nusu ya darasa haikuonekana. Walikuwa mashambani wakipanda, kwa sababu huko ardhi ikilowa una siku mbili, tatu, kisha jua linarudi kuchukua chake.

Sasa nifike kwenye lile nililotaka kusema.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilipata timu ya wasichana kumi na mmoja ambayo hata mimi, mtu wa kulalamika, niliishiwa lalamiko. Nahodha alikuwa Ndanu, kidato cha nne, mrefu, mkimya, mtu wa kufika uwanjani kabla yangu na kuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliyemfuata alikuwa Syombua wa kidato cha tatu, mfupi, mwenye mdomo, na mapafu ambayo sijui aliyapata wapi. Mbio za nyika zilikuwa na mchujo siku ya Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, kilomita sita, na sita wa kwanza wangekwenda Machakos mjini kwa mashindano ya kaunti. Mnajua maana yake. Kule ndiko makocha wa timu za polisi na jeshi huenda na madaftari kutafuta wasichana wa kuandika kazi. Kwa Ndanu, huo ulikuwa mwaka wa mwisho.

Mvua ya kwanza ya msimu ilishuka usiku wa Jumatano. Alhamisi asubuhi Syombua hakuja mazoezini, wala hakuja darasani. Mchana nikachukua mwavuli nikaenda kwao kwa miguu, hotuba yangu ikiwa tayari kichwani kuhusu nidhamu na majukumu.

Nilimkuta shambani, peku, ameinama juu ya jembe. Mama yake alikuwa akimfuata nyuma na kibuyu cha mbegu, mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta hadi kiwiko. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye bodaboda wiki mbili kabla. Zamu yao ya kupata ng'ombe wa kulimia ilikuwa wiki inayofuata. Mbele yao palikuwa na shamba ambalo niliweza kuona mwisho wake, lakini kwa kukaza macho. Hotuba yangu ikayeyuka.

"Karibu, mwalimu," mama akasema. "Najua chenye kimekuleta."

"Mwaitu, Jumamosi tuko na mchujo," nikamwambia. Mwaitu ni mama yetu, ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima hata kama umri unalingana.

"Na mimi niko na mvua. Mwaka jana nilipanda kukiwa kavu, mchwa na kwale wakakula mbegu yote. Mwaka huu nikangoja. Sasa imekuja na mkono ni mmoja. Wewe ungefanya nini?"

Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na hilo ndilo lililonimaliza. Syombua hakuinua kichwa, ila jembe lilikuwa limesimama. Nilipiga hesabu ya mistari iliyobaki nikaona ingewachukua Ijumaa yote, Jumamosi yote, na Jumapili baada ya kanisa. Ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule niliona ni la busara kuliko yote niliyowahi kupata. Nikamwambia kesho mchana nitamletea timu nzima.

Mama alinitazama. "Mwethya?"

"Mwethya," nikasema.

Kwa walimu wanaotoka nje ya Ukambani: mwethya ni majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao kwa kazi iliyomshinda. Halipwi mtu. Mwenye shamba anapika, wanaokuja wanaimba, na kesho ni zamu ya mwingine. Na aliyeitwa hasemi hapana. Anaweza kuwa na mgonjwa nyumbani au safari ya lazima, lakini kusema tu kwamba hataki, au kwamba amechoka, hilo halifanywi. Nilikua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Ndiyo maana sikulifikiria.

Ijumaa asubuhi, kwenye mstari, niliwatangazia wasichana kwamba mazoezi ya leo ni kwa kina Syombua na kila mmoja aazime jembe. Walishangilia, maana kipindi cha mwisho kilikuwa kemia. Ndanu peke yake aliinua mkono.

"Mwalimu, na kesho?"

"Kesho tunakimbia. Jembe ni mazoezi ya mgongo na miguu," nikamjibu, na wengine wakacheka.

Akashusha mkono. Niliuona ukishuka, na nikaendelea kutangaza mambo ya majembe.

Ile alasiri ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mvua ilirudi tulipofika tu, ile ya kunyesha bila hasira, na wasichana walijipanga mistari miwili, wachimbaji mbele, wapandaji nyuma wakifukia mashimo kwa mguu. Syombua alikuwa akitoa amri kama amezaliwa na shamba hilo. Mimi nilipewa mbegu, nikawa naangusha tatu tatu, mpaka mama akanijia akaniambia mwalimu, ni mbili, mimi si tajiri. Ndanu alichukua jembe na hakuliachia. Kila mstari ulipoisha alianza mwingine bila kunyoosha mgongo, na wenzake wakajitahidi kumfuata kwa sababu walizoea kumfuata. Kabla giza halijaingia shamba lilikuwa limekwisha. Tulikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tukiwa tumebanana jikoni na mvuke unatutoka. Mama alitushika mkono mmoja mmoja kwa ule mkono wake mzima akisema muvea muno, asante sana. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo bado naikumbuka. Nilijiona Mwalimu wa Mvua kamili.

Jumamosi nilijua kabla mbio hazijaanza. Wasichana wakati wa kupasha mwili walikuwa wakitembea kama wazee wanaotoka misa ndefu. Ndanu alikuwa akijikanda nyuma ya paja akidhani simwoni.

Ilikuwa inanyunya, na uwanja wa shule iliyotuandalia ulikuwa tope tupu. Kulikuwa na timu moja ambayo kocha wake, bwana mmoja mwenye mwavuli mkubwa wa rangi nyingi, hajawahi kutoa watoto mvuani hata siku moja. Nimemtania kwa hilo miaka mingi. Aliwaweka wasichana wake ndani ya basi, wamejifunga leso na masweta, mpaka walipoitwa mstarini. Nikajisemea leo ataona. Na kweli tuliona sote. Wasichana wake waliteleza, wawili wakaanguka kabisa, wakaamka, na wakachukua namba moja, mbili na tatu, kwa sababu walikuwa na miguu. Wangu hawakuteleza hata mmoja. Walikanyaga nyasi, walifupisha hatua, kila kitu nilichowafundisha walikifanya vizuri, polepole.

Syombua alimaliza wa nne. Yeye alikuwa amelima siku mbili, lakini alikuwa amelima tangu ana miaka saba. Ndanu alikuwa wa sita mpaka kwenye kilima cha mwisho, na pale paja likakaza. Nilimwona akilipiga ngumi huku anakimbia. Msichana mmoja akampita hatua ishirini kabla ya kamba. Akawa wa saba.

Sita wa kwanza wakaandikwa majina. Wetu alikuwa mmoja, na wengine walimbeba Syombua juu juu wakimzungusha uwanjani. Mimi nilipiga makofi nao, na moyoni nilikuwa nahesabu kile ambacho sikukihesabu Alhamisi. Syombua alikuwa na mwaka mwingine mzima wa kujaribu. Ndanu hakuwa nao. Nilikuwa nimechukua nafasi ya mmoja nikampa mwingine, na nikaiita mazoezi.

Kwa hiyo, vijana wangu, jibu ni lile lile, watoeni. Mvua haijawahi kuniharibia mkimbiaji. Fulana kavu, soksi kavu, ngurumo ikilia ingieni ndani, na siku moja kabla ya mbio watoto wapumzike hata kama malaika mwenyewe ameomba alimiwe. Hayo yote mngeweza kuyapata kwa mtu mwingine. Lililobaki nilifundishwa na Ndanu.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya basi letu, akikwangua udongo kwenye raba kwa kijiti. Nilimngoja apumue, kama nilivyofundishwa. Kisha nikamwambia kwamba nimemkosea, kwamba kosa ni langu lote, na kwamba nilipaswa kujua. Aliendelea kukwangua. Nikaanza kumweleza kuhusu mama Syombua na mkono wake, na mchwa, na kwale.

"Hiyo najua, mwalimu. Nilikuwa huko," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

Nikasema ukweli, kwamba nilipouona mkono wake ukishuka niliogopa angekataa.

"Ungeniuliza ningesema twende." Akageuza raba ya pili. "Lakini ingekuwa ni mimi nimempatia Syombua. Saa hii ni wewe umenichukulia."

Ndani ya basi wenzake walikuwa wameanza kuimba, jina la Syombua likiwa kwenye kila ubeti. Ndanu aliivaa ile pea yake ya soksi kavu, akasimama, akaingia akaimba nao.